Fomu ya Kurasa Sita

Swali la kwanza: leo ni tarehe ngapi?
Fortunata Huamaní anatazama mlima, hanitazami mimi.
Theluji imerudi nyuma upande wa kushoto, anasema,
basi ni wiki ya kufukia mbegu za kiazi cheusi.
Kwenye fomu hakuna kisanduku cha theluji.
Naandika sifuri. Wino umeganda;
naipumulia kalamu kama mtu anayefufua kifaranga.

Ulisoma miaka mingapi?
Anacheka, meno mawili.
Shule ilikuwa ng'ambo ya mto, mto haukuwa na daraja,
na viatu vya nyumba ile vilikuwa vya kaka zake.
Sifuri tena, na hii ni nzito,
tulifundishwa hivyo kule Juliaca:
asiyesoma, uzeeni yumo hatarini zaidi.
Niliandika, huku nikijiuliza
ni nani hasa aliyefeli, yeye au daraja.

Nampa maneno matatu ayashike: treni, tufaha, sarafu.
Treni hajaipanda. Tufaha alilionja arusini kwa watu.
Sarafu anaijua, hasa inavyokwisha.
Dakika tano zikapita, akanirudishia mawili.
La tatu aliniambia: "Ile kelele."
Si jibu. Nikakata.

Sikio la kulia halisikii.
Damu inasukuma kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.
Moshi wa jiko, ndani ya chumba kimoja, miaka sitini.
Watoto tisa; wanne wako Lima, mmoja hupiga simu.
Chora saa, nikamwomba.
Akachora duara, akalizungushia miali,
chini yake akaweka jogoo.

Mumewe, Eleuterio, alikuwa amevaa koti la mikutano.
Darasa la sita, katibu wa jumuiya mihula mitatu.
Tarehe aliijua, na jina la rais, na la yule aliyempindua.
Saa yake ilisimama sawasawa: saa tano na dakika kumi.
Akaipulizia vumbi karatasi kabla ya kunikabidhi.

Kompyuta ndogo ikajumlisha.
Mke, nyekundu. Mume, kijani.
Msimamizi alikataza tusiwaambie,
na ningewaambia ili iweje?
Daktari wa mambo hayo yuko mwendo wa saa nane kwa basi,
ukifika unapewa namba, namba inapewa mwezi.
Hesabu yenyewe ilipikwa mbali,
kwa watu wenye magazeti na ngazi za umeme,
sisi tukapakuliwa ukoko.

Lakini siilaumu sana.
Katika wekundu wangu arobaini
tisa walipotea njia ya kisimani kweli,
na mmoja, Celedonia, alimwita binti yake "mgeni"
mpaka binti akazoea kubisha hodi kwao.
Hesabu huujua umati. Mtu mmoja humponyoka.

Mwaka wa tatu nilirudi na fomu ileile.
Uani nilisikia kengele ya kondoo dume.
Hakuwa kondoo.
Eleuterio alikuja akiwa na koti lake la mikutano,
kengele imeshonwa kwenye mfuko wa kifua,
akaniuliza mimi ni binti wa nani.
Nikamwambia. Akauliza tena.
Mara ya tatu nikasema jina la mama yangu polepole,
naye akaitika kwa adabu, kama katibu anayesahihisha kumbukumbu.

"Usiku hutoka," Fortunata alisema.
Hulala ubavu wa kulia siku hizi,
ili sikio zima libaki juu, liisikilize kengele.
Akanikalisha juu ya ngozi, akanimiminia supu,
na kabla sijafungua ukurasa wa kwanza
akahesabu kwa vidole, kidole baada ya kidole:
"Treni. Tufaha. Sarafu.
Zako hizo. Nilikutunzia."

Swali la kwanza: leo ni tarehe ngapi?
Kengele ililia nyuma ya zizi.
Akainuka kabla sijamaliza kuuliza.